Semina za usalama kazini: Bongo tunawafundisha wasiopanda juu

Wabongo wengi tulioko huku Uingereza tukianza kusifia usalama kazini tunakimbilia kusema eti huku kuna sheria na kwetu hakuna, mi naona huo ni uvivu wa kufikiri. Sheria ipo. Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, tuna OSHA wakala mzima wenye wakaguzi wake, tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na ukiisoma hiyo sheria utakuta mwajiri anatakiwa ampe mtu vifaa vya kujikinga, ampime afya anapoingia na mara kwa mara akiwa kazini, na amfundishe kazi yenye hatari kabla hajaigusa. Ukiiweka pembeni ya ile ya Waingereza ya 1974 wala haitii aibu. Mi shida yangu iko kwenye semina zenyewe, yaani ni nani anakalia kile kiti anafundishwa.

Nimefanya kazi saiti za ujenzi kabla sijaja huku kwaiyo naongea nnachokijua. Semina ya usalama ikitangazwa wanaoenda ni afisa utumishi, mhasibu sijui wa nini, injinia mmoja, na mtu wa stoo akiwa na bahati. Ukumbi umekodiwa, projekta ipo, slaidi zote za kizungu, mgeni rasmi anafungua anaondoka, mnasaini mahudhurio, posho, vyeti, alafu picha ya pamoja mmevaa riflekta mpya ambazo zinarudi stoo jioni ileile. Kesho yake saidia fundi anapanda jukwaa la mirunda na kandambili, karai la zege kichwani, na hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia chochote. Huyo ndo anayeanguka. Afisa utumishi anaangukia wapi jamani, labda ateleze kwenye korido.

Huku nilikuta mambo kinyume. Saiti yoyote mpya unayoingia, hata kama una miaka 20 ya ujenzi, hushiki nyundo mpaka ukae upewe maelezo ya saiti ile ile, kanuni zao za ujenzi za 2015 zinataka hivyo: magari yanapita wapi, wewe unapita wapi, moto ukitokea mnakusanyika wapi, nani ana sanduku la huduma ya kwanza. Alafu kuna kale kakikao ka asubuhi wanakaita tulboksi, dakika kumi tu, mmesimama na mabuti yenu, fomeni anaongea kitu kimoja. Leo ngazi. Wiki ijayo kelele za mashine. Hakuna mgeni rasmi. Na kuna kanuni yao ya 1999 inasema mafunzo ya usalama yafanyike ndani ya saa za kazi, maana yake unafundishwa huku unalipwa, na mi naamini hapo ndo penyewe kabisa kwasababu kibarua anayelipwa kwa siku ukimwambia aje Jumamosi bure kujifunza kufunga mkanda wa kupandia juu haji, na hata mimi nisingekuja.

Kitu kilichonishtua kuliko vyote lakini ni vumbi. Kwetu fundi anakata marumaru na grainda amejifunga kitambaa puani, macho ameyabana, akimaliza mweupe mwili mzima tunamcheka. Huku ile grainda ina bomba la maji au ina mashine ya kunyonya vumbi imefungwa palepale, na barakoa hawakupi tu ukavae. Wanakuvalisha, wanakufunika kichwa na kitu kama kofia kubwa ya plastiki, alafu wanapuliza dawa chungu humo ndani huku unahema, unageuza shingo, unaongea. Ukisikia uchungu mdomoni basi barakoa inavuja, haikukai, unaletewa nyingine. Wenye ndevu wanaambiwa wakanyoe kwanza maana barakoa ya kubana haishiki vizuri juu ya ndevu, na hapo vita huwa ni kubwa kweli. Mwanzo niliona wanajisumbua, mpaka mwezeshaji alipoeleza kwamba vumbi la zege, mawe na marumaru lina madini yanaitwa silika (silica), na zile chembe zinazoua ni zile huwezi hata kuziona, zinaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu zinaacha makovu ambayo hayaponi, na mtu anaweza kukata marumaru miaka na miaka hajisikii chochote alafu pumzi ndo inaanza kukata. Nikawakumbuka mafundi wangapi kule nyumbani tunaosema tu "ana kifua". Sisemi wote ni silika, sijawapima. Ila nani amewahi kuwapima? Sheria inataka wapimwe, na kwenye zile saiti nilizopita mi sikuona kibarua hata mmoja akipelekwa.

Sasa msije mkadhani huku ni peponi. Watu bado wanaanguka, HSE, mamlaka yao ya usalama kazini, wenyewe ndo wanaotoa hesabu, mwaka 2023/24 wafanyakazi 138 walikufa kwenye ajali za kazini Uingereza na kati yao 50 walianguka toka juu. Na mafunzo ya huku nayo yana uozo wake. Kuna kampuni moja nilifanya kazi ghalani, mafunzo yao yote yalikuwa video kwenye kompyuta, unabonyeza endelea, endelea, endelea, mwisho maswali ambayo majibu yake unayaona kwa jirani. Kuinua mizigo unajifunza umekaa kwenye kiti! Alafu lugha. Wageni tukiulizwa kama tumeelewa sote tunatikisa kichwa maana ukisema hujaelewa unaogopa kesho usiitwe, karatasi inasainiwa, kampuni iko salama, wewe hauko. Na ile kadi ya CSCS, ya kuonyesha umefunzwa kazi za ujenzi, ambayo bila hiyo saiti nyingi kubwa hupiti geti, vibarua wengi wa ajensi wanailipia wenyewe toka mfukoni, mtihani na kadi. Hilo mi naliona ni dhuluma iliyovaa suti.

Ila kuna jambo watu wa nyumbani hawapendi kuambiwa. Nenda migodi mikubwa hapo hapo Tanzania. Kijana yuleyule wa Kitanzania akiingia pale anapewa mafunzo ya kuingia, kikao cha asubuhi kipo, buti na kofia ngumu havina mjadala, na anafuata. Kwaiyo zile hadithi za "sisi Waafrika ndo tulivyo, hatupendi kuvaa helmeti" naomba zife. Mtu havai kwasababu hajapewa, au amepewa moja wanayopokezana zamu na zamu, au hajaelezwa akaelewa.

Ningekuwa na usemi, hela ya ule ukumbi ningeipeleka saiti. Mwezeshaji aje saa moja asubuhi na mkanda halisi, ngazi halisi, na aongee kiswahili cha mafundi, apande aonyeshe, mafundi wapande mbele yake. Afisa utumishi akitaka aje naye, avae buti. Wakandarasi watasema vibarua hawakai, leo yupo kesho kahamia saiti nyingine, ukimfundisha unamfundishia jirani. Sawa, ndo maana cheti kiandikwe jina la kibarua mwenyewe na ahame nacho, mkandarasi wa pili akikiona haanzi moja, anamalizia tu maelezo ya saiti yake. Wanavyoongea utadhani ni hisani, wakati toka Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani limeshaweka mazingira salama ya kazi kwenye kanuni na haki za msingi kazini, kundi moja na kutotumikishwa kwa lazima. Na gharama yake isimguse kibarua hata senti, hapo ndo pa kutowaiga Waingereza.