Mke wa Gavana na Kazi Isiyo na Mkataba

Katika majimbo 50 ya Marekani, gavana huchaguliwa kwa kura, huapishwa hadharani, hulipwa mshahara unaojulikana na kila mlipa kodi, na akikiuka kiapo chake zipo njia za kisheria za kumwondoa. Mkewe hapitii hata hatua moja kati ya hizo. Hata hivyo, siku ileile mumewe anapokula kiapo, naye huanza kazi: hukabidhiwa nyumba ambayo si yake, wageni ambao hakuwaalika, ratiba ambayo hakuipanga, na hukumu ya watu wasiomfahamu juu ya mavazi yake, maneno yake na hata ukimya wake. Nimesoma habari za wanawake hawa kwa muda mrefu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tatizo haliko kwa wanawake wenyewe, bali liko katika desturi ya kumtwisha mtu kazi ya umma bila kuiandika popote.

Nianze na Eleanor Roosevelt, kwa sababu kwake ndiko nilikoanza kuielewa kazi hii. Mumewe, Franklin, aliingia madarakani kama gavana wa New York mwaka 1929, wakati miguu yake ilikuwa imepooza tangu alipougua polio mwaka 1921. Gavana alitakiwa kukagua magereza, hospitali za wagonjwa wa akili na makao mengine yaliyo chini ya jimbo, lakini kuzunguka humo ndani kwa miguu hakuweza. Basi wakuu wa taasisi walimzungusha kwa gari nje ya majengo, na Eleanor ndiye aliyeingia ndani. Mara za mwanzo alirudi na habari za orodha ya vyakula aliyoonyeshwa, na mumewe hakuridhika. Alimtaka afunue vifuniko vya masufuria jikoni aone kama kilichoandikwa ndicho kinachopikwa, aangalie kama vitanda vimebanana mno, na kama kuna vitanda vinavyokunjwa mchana na kufichwa ili isijulikane kwamba usiku watu hulazwa kwenye ujia. Eleanor alijifunza, na akawa mkaguzi hodari ambaye taarifa zake gavana alizitegemea.

Tukitazama kazi aliyoifanya bila kuangalia jina lake, tutaona kwamba alikuwa ofisa wa serikali kwa kila hali, isipokuwa hakuwa na barua ya uteuzi. Milango ya majiko yale ilifunguka kwa sababu ya mtu aliyemwoa. Ninaloliheshimu zaidi kwake ni kwamba hata katika miaka hiyo hakuacha kazi yake mwenyewe. Alikuwa mwalimu katika shule ya wasichana ya Todhunter jijini New York, na sehemu ya kila wiki aliondoka Albany, makao makuu ya jimbo, akapanda treni kwenda darasani. Hiyo ilikuwa karibu karne moja iliyopita, na bado leo mke wa gavana anayebaki na ajira yake hulazimika kujieleza kana kwamba ametenda kosa.

Rosalynn Carter, mke wa Jimmy Carter aliyekuwa gavana wa Georgia, alipewa kitu kinachokaribia mkataba, na nadhani ndiyo sababu kazi yake ilizaa matunda. Alikuja Atlanta mwaka 1971 akitokea Plains, mji mdogo wa Georgia alikokuwa akitunza hesabu za biashara ya karanga ya familia. Katika kampeni za mumewe, alfajiri moja, alikuwa amesimama langoni mwa kiwanda cha pamba alipokutana na mwanamke aliyekuwa akitoka zamu ya usiku. Alipomuuliza kama sasa anakwenda kupumzika, mwanamke yule alimweleza kwamba nyumbani ana binti mgonjwa wa akili ambaye matunzo yake yanazidi kipato cha mumewe, hivyo mume anafanya kazi mchana, naye usiku, wakipokezana kumtazama mtoto. Siku hiyohiyo Rosalynn alikwenda kwenye mkutano wa kampeni, akajipanga kwenye mstari wa wananchi waliokuwa wakimpa mgombea mkono, na zamu yake ilipofika akamuuliza mumewe, kama mpiga kura yeyote, atawafanyia nini watu wa namna ile.

Jimmy Carter aliposhinda aliunda tume ya kuboresha huduma za wagonjwa wa akili katika jimbo, na mkewe akawa mmoja wa wajumbe wake. Alijitolea pia katika hospitali ya jimbo jijini Atlanta siku moja kila wiki ili ajionee mwenyewe. Ujumbe wa tume ni jambo linaloweza kupimwa: kuna jukumu, kuna wajumbe wengine wanaoweza kukupinga, na mwishoni kuna taarifa inayosomwa na kila mtu. Katika miaka hiyohiyo, huko Arkansas, Betty Bumpers, mwalimu wa sanaa na mke wa Gavana Dale Bumpers, alikuwa akisukuma kampeni kubwa ya chanjo ya watoto. Wanawake hao wawili hawakuiacha kazi hiyo walipotoka katika nyumba za magavana. Mwaka 1991, baada ya surua kulipuka tena nchini, walianzisha pamoja shirika la kuhimiza watoto wachanjwe kabla ya kutimiza miaka miwili.

Nyumba za magavana zinastahili kuzungumziwa, kwa sababu ndizo watu huziona kwanza na kudhani kwamba maisha ya ndani yake ni ya raha tupu. Majimbo machache, kama Massachusetts, Vermont na Arizona, hayana nyumba rasmi ya gavana, na familia huendelea kuishi kwake. Kwingineko familia huhamia katika jengo ambalo vyumba vya chini ni vya umma, watalii hupita kwa saa maalumu, na hata kubadilisha mapazia kunaweza kuwa habari ya gazeti. Nancy Reagan, mke wa Gavana Ronald Reagan wa California, alipohamia Sacramento, makao makuu ya jimbo hilo, mwaka 1967 aliikuta nyumba ya mbao iliyojengwa mwaka 1877, akaogopa kwamba moto ukiwaka watoto hawatatoka salama, na baada ya miezi michache familia ikahamia nyumba ya kupanga. Alilaumiwa sana, akaitwa mwanamke wa kujidai. Kwangu mimi, mzazi anayekataa kumlaza mtoto wake mahali anapopaona ni pa hatari hahitaji utetezi wowote.

Jambo lililonishtua zaidi kuhusu nyumba hizi ni kwamba katika majimbo ya kusini, Georgia na Arkansas yakiwemo, wapishi, watunza bustani na wahudumu wa nyumba ya gavana walikuwa wafungwa. Familia ya Carter ilimkabidhi mfungwa mmoja, mwanamke Mweusi aliyehukumiwa kwa mauaji, kazi ya kumlea binti yao Amy aliyekuwa na umri wa miaka mitatu. Rosalynn aliamini kwamba mwanamke yule hakuwa na hatia, na baadaye alisamehewa. Ninafurahi kwamba kisa kile kiliishia vizuri, lakini siwezi kuacha kuwafikiria wale wengine waliopika na kufagia humo wakarudi gerezani jioni bila mtu kuyajua majina yao. Mke wa gavana, ambaye mwenyewe hakulipwa, aliwekwa kuwa msimamizi wa watu ambao nao hawakulipwa ipasavyo, na wala hakuna aliyemuuliza kama alikubali.

Kuhusu jina ambalo mke wa gavana hutarajiwa kulitumia, kisa cha Arkansas kinatosha. Bill Clinton alichaguliwa kuwa gavana mwaka 1978, na mkewe akaendelea kujiita Hillary Rodham, jina alilozaliwa nalo na alilolitumia katika kazi yake ya uwakili. Mwaka 1979 alikuwa mwanamke wa kwanza kufanywa mshirika kamili katika kampuni ya mawakili aliyoifanyia kazi, na kipato chake kilizidi mshahara wa gavana, ambao wakati huo ulikuwa dola 35,000 kwa mwaka. Wapiga kura wengi walichukizwa na jina lile. Muhula wa gavana huko ulikuwa wa miaka miwili tu, na mwaka 1980 Clinton akashindwa. Sababu za kushindwa zilikuwa kadhaa, lakini jina la mkewe lilihesabiwa miongoni mwake, na aliporudi kugombea mwaka 1982, Hillary alianza kutumia jina la Clinton. Mumewe alishinda. Mwaka uliofuata alimteua aongoze kamati ya viwango vya elimu, iliyosikiliza maoni ya wananchi katika kaunti zote 75 za jimbo. Huyu ni mwanamke aliyeaminiwa kurekebisha shule za jimbo zima, lakini hakuaminiwa kuchagua jinsi ya kusaini barua zake.

Yapo majukumu mengine ya kikatili zaidi. Mwezi Agosti 2004 huko New Jersey, na tena mwezi Machi 2008 huko New York, tulimwona mke wa gavana amesimama kando ya mumewe mbele ya kamera wakati mume akikiri jambo lililoivunja heshima ya ndoa yao. Mwaka 2009, Jenny Sanford wa South Carolina hakusimama hapo. Mumewe alikiri peke yake. Baadhi ya watu walimshangaa. Mimi nilimwelewa, kwa kuwa hakuna kiapo alichokula cha kuwa pambo la aibu ya mtu mwingine.

Kisa kinachoniuma kuliko vyote ni cha Lurleen Wallace wa Alabama. Katiba ya jimbo haikumruhusu mumewe, George Wallace, kugombea vipindi viwili mfululizo, na juhudi zake za kuibadilisha zilikwama mwaka 1965. Akamsimamisha mkewe. Kila mtu alijua kwamba mume ndiye angeongoza, na kampeni yenyewe haikulificha jambo hilo. Lurleen alishinda uchaguzi wa mwaka 1966, akaapishwa Januari 1967 kuwa mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa Alabama, na tarehe 7 Mei 1968 akafariki kwa saratani akiwa na umri wa miaka 41. Dalili za saratani hiyo daktari alikuwa ameziona tangu mwaka 1961 alipokuwa akimzalisha kwa upasuaji. Kama ilivyokuwa desturi ya madaktari wengi wa wakati ule, alimweleza mume, na mume hakumwambia mkewe. Alikuja kujua mwaka 1965.

Mwanamke aliyenyimwa habari za mwili wake mwenyewe ndiye aliyetakiwa kubeba muhuri wa jimbo kwa niaba ya mwingine. Na bado, katika muda mfupi aliokuwa nao, alifanya jambo lililokuwa lake hasa: mwanzoni mwa mwaka 1967 alitembelea hospitali ya wagonjwa wa akili na makao ya watu wenye ulemavu wa akili huko Tuscaloosa, akatoka amehuzunika kwa aliyoyaona, kisha akalishinikiza bunge liziongezee taasisi hizo fedha. Nikikisoma kisa hicho namkumbuka Eleanor akifunua masufuria, na kujiuliza Lurleen angefanya nini kama angeruhusiwa kuwa yeye tangu mwanzo.

Kazi isiyoandikwa huwaumiza wanawake, lakini pia huufungulia ulaghai mlango. Huko Virginia, mfanyabiashara mmoja aliyetaka kuungwa mkono na serikali aliipa familia ya Gavana Bob McDonnell zawadi na mikopo iliyozidi dola 165,000, na mkewe Maureen alinunuliwa nguo za gharama kubwa madukani New York. Sheria ya Virginia ya wakati huo ilimtaka gavana atangaze zawadi anazopokea yeye, lakini haikumtaka atangaze zile zinazopokewa na watu wa nyumbani mwake. Mwaka 2014 wote wawili walitiwa hatiani kwa makosa ya rushwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani ikabatilisha hukumu ya gavana kwa kauli moja, kwa maelezo kwamba tafsiri iliyotumika ya kitendo rasmi, yaani jambo ambalo kiongozi hulifanya kwa mamlaka ya cheo chake, ilikuwa pana mno, na kesi dhidi ya wote wawili ikafutwa. Sina sababu ya kubishana na mahakama. Ninachokiona ni pengo: anayetaka kumfikia gavana alijua kwamba kuna mtu anayelala chumba kimoja naye ambaye sheria ya zawadi haikumtazama kabisa.

Najua wapo watakaosema kwamba mambo ya mume na mke hayaandikwi kwenye sheria, na kwamba msaada wa mke kwa mumewe ni wa mapenzi. Mapenzi yao yabaki yao. Mimi nazungumzia wafanyakazi wa jimbo wanaompangia ratiba, magari ya jimbo yanayompeleka kwenye hafla, na wagonjwa na watoto wanaoambiwa kwamba mama huyu amekuja kwa niaba ya serikali. Hayo si mambo ya chumbani.

Kwa hiyo ningependa kila jimbo lifanye hivi. Mwenzi wa gavana, awe mke au mume, aandike barua katika mwezi wa kwanza kusema kama anaikubali kazi au haikubali. Akiikubali, apewe jukumu lililotajwa kwa jina kama lile la Rosalynn kwenye tume, bajeti inayokaguliwa, posho inayolingana na saa anazotumia, na wajibu wa kutangaza zawadi sawa na gavana mwenyewe. Akikataa, barua ihifadhiwe, wageni wa jimbo wapokewe na msimamizi wa nyumba anayelipwa kwa kazi hiyo, na yeye asubuhi aende zake kazini, kama Eleanor alivyokwenda kupanda treni.