Ulizeni kwanza anaangukia upande gani

Baba alipoanguka mara ya tatu, hospitali moja ilitupa fimbo. Nzuri, nyepesi, ina mpira chini. Wiki hiyohiyo alianguka tena uani, chali, kisogo kikagonga ukingo wa karo. Nilimkuta fimbo bado kaikamata, ncha yake imeelekea juu. Hapo ndipo nilipoelewa. Fimbo humfaa anayeyumba upande au anayeelemea mbele. Anayevutwa nyuma, fimbo huanguka naye.

Tangu siku ile nalisema hili kwa yeyote mwenye mgonjwa nyumbani: kabla hujapokea kifaa chochote cha kutembelea, na kabla daktari hajakiandika, swali la kwanza liwe anaangukia upande gani.

Picha tuliyoizoea ya ugonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayoharibu mwendo, ni ya mzee aliyeinama, anayetetemeka, anayekwenda kwa hatua fupifupi. James Parkinson mwenyewe, daktari Mwingereza aliyeupa ugonjwa huo jina lake, mwaka 1817 aliandika habari za wagonjwa wanaoelemea mbele mpaka wakajikuta wanakimbia. Baba hakutetemeka. Alikaa wima, shingo imekakamaa, na macho yalikataa kushuka, hata wali uliokuwa mbele yake akawa haupati vizuri. Tuliambiwa uzee, tukaambiwa presha, wengine wakanong'ona kuwa amerogwa. Mwishowe daktari wa mishipa ya fahamu akatuambia ni PSP (kwa Kiingereza progressive supranuclear palsy), maradhi mengine ya ubongo yaliyoelezwa mwaka 1964 na madaktari Steele, Richardson na Olszewski wa Toronto. Kuanguka chali mapema ni miongoni mwa alama zake kubwa. Wenye Parkinson nao wengi hufikia hapo, ila kwa kawaida miaka ikishapita. Na kuchelewa kujua si kwetu tu: wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipozunguka kwenye jamii ya watu wapatao 161,000 walipata wagonjwa wa Parkinson 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini.

Baada ya fimbo tulinunua fremu ya alumini ya miguu minne. Kosa la pili. Ile fremu lazima uinyanyue kila hatua, na Baba akiinyanyua tu uzito wote unahamia visiginoni, anakwenda chini na fremu juu ya kifua. Yenye magurudumu manne ya kuteleza nayo humkimbia mtu. Kinachomfaa ni kizito, kisichonyanyuliwa. Marekani kuna fremu iitwayo U-Step, ambayo breki zake hushika zenyewe mpaka mtu abane mpini ndipo magurudumu yaende. Bei yake hatuiwezi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikubali tutafute fremu yenye magurudumu mawili mbele, tukaifunga vifuko vya mchanga chini kwenye miguu ya mbele, kilo mbili kila upande. Inatambaa pole pole, haipepesuki. Hata hivyo Baba hatembei peke yake, wala sitaki mtu asome hapa akadhani mchanga unatosha.

Lakini kubwa kuliko kifaa chochote ni mikono yetu. Sisi kwa heshima humsimamia mzee mbele, tukamshika mikono yote miwili na kumvuta ainuke. Kwa mtu kama Baba huko ni kumwangusha: ukimvuta mbele, mwili wake unajibu kwa kusukuma nyuma. Asogee kwanza ukingoni mwa kiti, miguu airudishe chini ya magoti, ainame mpaka pua ivuke vidole vya miguu, ndipo asimame. Wewe kaa ubavuni, nyuma kidogo, umeshika mkanda mpana aliofungwa kiunoni.

Kisha angalia nyumba. Mlango unaovutwa kuelekea kwako, droo ngumu ya kabati, kikombe kilichowekwa rafu ya juu: kila kimoja kimeshamwangusha Baba. Vyombo vyake sasa viko usawa wa kiuno, na milango ya ndani tumeing'oa tukaweka mapazia. Kandambili tumezitupa. Udhu anatawadha amekaa, na swala anaswali kwenye kiti chenye mikono, mgongo wa kiti ukutani. Jambo hilo lilimuuma. Siku ya kwanza alilia, nami nikalia. Dini imempa ruhusa hiyo mgonjwa tangu zamani, na imamu alipokuja mwenyewe kumweleza, akatulia.

Kilichobaki ni kuitwa. Mtu akimwita kutoka nyuma hugeuka ghafla, miguu inapishana, anakwenda. Majirani tumewaomba, na wajukuu wamejifunza: ukiwa na neno na Babu, pita ubavuni mpaka akuone, simama mbele yake, kisha umwamkie.