Mtoto wa nje ya ndoa na mirathi: majaji na masheikh wamepishana njiani

Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa urithi wa baba yake Mwislamu kwa sababu tu alizaliwa nje ya ndoa. Watetezi wa haki za watoto wakashangilia. Viongozi wa dini wakasema mahakama imejitia pasipoihusu.

Kisheria, hoja ya majaji ina miguu. Kifungu cha 24(4) cha Katiba ya 2010 kinaruhusu haki ya usawa ipunguzwe mbele ya kadhi, lakini kwa kiwango kile tu ambacho ni lazima kabisa ili sheria ya Kiislamu itumike. Kifungu cha 53 nacho kinawapa baba na mama jukumu sawa la kumlea mtoto, wameoana au hawakuoana. Ni vigumu kuona kwa nini mtoto abebeshwe kosa la wazazi.

Tatizo ni kwamba hoja hiyo haiingii msikitini. Mafungu ya mirathi yametajwa na Qur'ani yenyewe, Sura An-Nisaa, aya ya 11, 12 na 176. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Pwani, mtoto wa zinaa hana nasaba (uhusiano wa ukoo) kwa baba, na pasipo nasaba hapana fungu, anamrithi mama. Tena mahakama za kadhi si hisani ya juzi: kulindwa kwake kulikuwa sharti katika makubaliano ya 1963, ukanda wa Pwani ulipoingia Kenya. Sheikh anayehisi ahadi inamegwa kidogokidogo hana wazimu.

Lakini masheikh nao wananyamazia mengi yaliyomo katika vitabu vyao. Wanazuoni wa kale, Is-haq bin Rahwayh na baadaye Ibn Taymiyya, waliona kwamba baba akimkiri mtoto, na mama hakuwa mke wa mtu, mtoto anaweza kunasibishwa naye. Najua jibu: hiyo ni rai ya wachache, na kuokoteza rai zinazokupendeza si fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu. Sawa. Basi tuiache, tushike wasia, ambao hauna ubishi. Mtu ameacha ekari 24, mke, mwana wa kiume na binti, na mtoto mwingine wa nje ya ndoa. Mke anachukua thumni (sehemu moja ya nane), ekari 3. Mwana 14, binti 7. Yule wa nje, sifuri. Lakini kwa kuwa si mrithi, baba angeweza kumuusia hadi thuluthi, yaani ekari 8, na asingekiuka aya hata moja. Akiwa hai na mzima angeweza kumpa hiba, yaani zawadi.

Ni khutba ngapi za Ijumaa zinazowaambia wanaume hivyo? Hapo ndipo wanaharakati wangepata mlango. Musawah, vuguvugu lililozinduliwa Kuala Lumpur mwaka 2009, hudai haki katika ndoa na familia kwa kutumia Qur'ani na fiqhi pamoja na sheria za haki za binadamu. Kwetu, mwanasheria na mwalimu wa madrasa wangeweza kuketi meza moja wakaandaa hati ya wasia ambayo kadhi ataikubali.

Hata hivyo wasia una ufa wake: unategemea hiari ya baba. Aliyemficha mtoto maisha yake yote hatamwandikia chochote, na kwa mtoto huyo sioni pa kukimbilia isipokuwa kwa majaji.