Mafuta gani, mwanangu?

Jumatatu moja bosi aliuliza swali jepesi: mwezi wa saba tumetumia shilingi ngapi kwenye mafuta? Zamani angeulizwa mhasibu, naye angefungua leja. Siku hizi tuna wakala wa akili mnemba, ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemuunganisha na kanzidata ya matumizi, basi swali likaenda kwake. Akajibu kwa sekunde chache, Kiswahili safi, hana hata chembe ya wasiwasi. Kiasi alichotaja kilikuwa kikubwa mno, bosi akaanza kumtafuta dereva kwa simu.

Mhasibu wetu, mama aliyezeeka na vitabu vya hesabu, alichungulia kioo cha kompyuta yangu. "Mafuta gani, mwanangu?"

Sisi tunakamua alizeti. Tunainunua Kongwa na Singida, tunaikamulia hapa Dodoma. Kwetu mafuta ni dizeli ya Fuso na jenereta, na mafuta ni mali tunayouza, tena kuna wakati tunanunua mafuta ghafi kwa wakamuaji wadogo ili tujazie oda. Wakala alikuwa amevikoroga vyote pamoja. Dereva wa watu nusura aulizwe habari za madumu ya alizeti.

Kosa lilikuwa langu. Zana niliyompa wakala, yaani kipande cha programu anachokiita ili kuchota data, niliiita pata_data, na maelezo yake yalikuwa sentensi moja: "Inarudisha data za matumizi." Modeli, yaani akili mnemba yenyewe iliyo ndani ya wakala, haisomi msimbo ulioandika wala haijui jedwali lako lina safu gani. Inachokiona ni jina la zana, maelezo yake na vigezo vyake (nafasi za kujaza, kama tarehe na aina), kwa kawaida katika JSON, muundo wa kupanga data kwa maandishi, na kwa maandishi hayo tu inaamua iite zana ipi na ijaze nini. MCP, utaratibu wa kuunganisha modeli na zana ambao kampuni ya akili mnemba ya Anthropic waliutoa Novemba 2024, umerahisisha sana kazi hiyo, lakini maelezo mabovu unayabeba vilevile yalivyo. Karani mgeni akikuta neno asilolielewa atanyanyua kichwa aulize meza ya pili. Wakala wangu alibahatisha, akaendelea na safari.

Ndiyo maana nasema maelezo ya zana za fedha yasiandikwe na mtu wa programu peke yake. Alasiri ile nilikaa na mama mhasibu, na kitu cha kwanza alichofanya ni kutenganisha masurufu na matumizi. Fedha aliyopewa mtu kwenda nayo safari, hajaleta risiti, bado ni masurufu. Haijawa matumizi mpaka arejeshe. Mimi nilikuwa nimezichanganya kwenye zana moja! Sasa ziko mbili, na hii ni mojawapo:

"tafuta_matumizi: Hutafuta malipo yaliyokwisha kufanyika na yenye risiti. Usiitumie kwa masurufu ambayo hayajarejeshwa. Hayo yako tafuta_masurufu. Aina 'dizeli' ni ya magari na jenereta. 'Mafuta_ghafi' ni mafuta ya alizeti tuliyonunua. Mtumiaji akisema 'mafuta' bila kufafanua, muulize kwanza. Tarehe huandikwa mwaka-mwezi-siku, mfano 2025-07-01. Kiasi ni shilingi za Tanzania. Hurudisha rekodi 50 kwa mara moja. 'Zimebaki' ikiwa ndiyo, ita tena kabla ya kujumlisha."

Hiyo sentensi ya mwisho ina historia yake. Julai magunia, vibarua na ushuru wa mazao vinaleta risiti kibao, na wakala alikuwa anajumlisha 50 za mwanzo kisha anafunga hesabu. Kwa hiyo jibu la Jumatatu lilizidi kwa kosa moja na kupungua kwa lingine. Mama aliposikia hilo alivua miwani.

Kuna na suala la robo mwaka. Sisi robo ya kwanza inaanza Januari, lakini ukiongea na mtu wa ofisi za serikali kule Mtumba, kwake mwaka wa fedha unaanza Julai. Tuliliandika pia.

Rafiki yangu mmoja anasema najisumbua, modeli zijazo zitajua zenyewe. Zitajuaje? Hata mhasibu mwenye CPA, wiki ya kwanza hapa kwetu, atauliza mafuta gani. Mwingine alinishauri niandike yote kwa Kiingereza. Majina ya vigezo sina ugomvi nayo, ila maneno wanayotumia watu wa ofisi lazima yawemo, kwa sababu hakuna anayeuliza kwa Kiingereza hapa.

Juzi bosi aliuliza tena kuhusu mafuta. Wakala akamrudishia: ya dizeli au mafuta ghafi? Bosi akaguna, "Na hili nalo limekuwa kama mhasibu." Mama hakuinua hata kichwa.

Bado kuna vibarua, maana wa kupakia na wa mashineni nimewaweka kapu moja. Alhamisi nimeitwa mezani kwa mama.