Mchango wa jumuiya: majina yasomwe au yasisomwe?

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi na kuzitilia mkazo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yaani kaya chache za majirani zinazosali pamoja na kusaidiana. Ukitaka kuuona ukarimu mdogo mdogo wa Mkristo huku Tanzania, nenda huko: unga wa mgonjwa, maji ya kumchotea bibi anayeishi peke yake, elfu moja ya rambirambi. Penye ukarimu huo pana pia daftari la mweka hazina, na zipo jumuiya ambako baada ya sala husomwa jina la kila mtu na alichotoa.

Wanaotetea usomaji huo wana hoja nzito. Fedha isiyotajwa ni rahisi kupotea. Paulo mwenyewe, alipopeleka changizo la maskini wa Yerusalemu, alifuatana na wenzake ili asilaumiwe na mtu. Na katika Matendo 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, jambo halikumalizwa kwa mahubiri ya upendo. Walichaguliwa watu saba wakakabidhiwa kazi. Utaratibu nao ni huduma, na wanaoudharau kwa kawaida si wale waliosahauliwa.

Lakini tumtazame mama muuza mchicha ambaye mia tano yake inasomwa mara tu baada ya elfu ishirini ya jirani. Hakuna aliyemtukana. Wiki ijayo haji, na inayofuata haji. Jumuiya imempoteza mtu ambaye pengine ndiye pekee mwenye nafasi ya kukaa na mgonjwa mchana kutwa, na kazi hiyo haina safu yake daftarini. Yule mjane wa Marko 12 alitia senti mbili, na Yesu akampima kwa kilichobaki nyumbani kwake. Mweka hazina hawezi kukijua.

Baya zaidi ni orodha hiyo kuanza kuamua ni msiba wa nani utakaohudumiwa upesi. Hapo mchango umekuwa ada, na Paulo alikwishaandika: "si kwa huzuni wala si kwa lazima."

Kwangu mimi, isomwe jumla iliyopatikana na matumizi yake yote, hadi nauli ya bodaboda. Majina yabaki daftarini, ya watoaji na hasa ya waliopewa. Najua wapo watakaojificha nyuma ya ukimya huo wasitoe kitu, na mfuko utapungua. Hasara hiyo naikubali, kwa sababu mfuko uliopungua hujazwa tena kwa harambee, lakini aliyeaibishwa mbele ya majirani zake ni vigumu sana kumrudisha. Anayetaka kuhakikisha kwamba elfu yake imeingia, amwendee mweka hazina baada ya sala, afunguliwe ukurasa wake.