Bosi anajua kila kitu, kasoro...

Wadau, kabla hamjaendelea kuiamini ile hadithi inayozunguka kwenye magrupu tangu jana, ngojeni mwenye msiba niieleze mwenyewe. Sikuandika shairi la kumtukana bosi. Ni mstari mmoja tu, na ulikuwa kazini.

Mimi ndiye mtunza majaribio ya maktaba yetu ya rejeksi, yaani msimbo wa kompyuta unaosaka maandishi kwa kufuata kanuni. Kutwa nzima natunga sentensi za uongo: hii ilingane, hii isilingane, hii ina nafasi tupu mkiani. Ukishaandika "abc123" mpaka vidole vikachoka, unaanza kuandika yaliyo moyoni. Nani atayasoma? Jaribio likipita linatoa nukta ya kijani, basi.

Sasa kuna lile la nukta na nyota, .*, yaani "shika herufi yoyote, mara zozote". Wanaoijua wanaujua ulafi wake: iambie ishike kuanzia <b> hadi </b> (alama za kuanza na kumaliza maandishi mazito), itakomba mpaka </b> ya mwisho kabisa kwenye mstari. Ipachike alama ya kuuliza, .*?, inashika adabu na kusimama kwenye ya kwanza. Kulipima hilo nilihitaji sentensi yenye vipande viwili. Kanuni ikawa bosi <b>.*?</b>, na sentensi ikawa:

bosi <b>anajua kila kitu</b> kasoro <b>kunyamaza</b>

Mnauona ufundi? Maktaba ikiwa nzima, kinachonaswa ni sifa tupu.

Jana, kikaoni, mwenzetu mmoja kaleta mabadiliko ya kuongeza kasi. Bosi akasema, "Hebu endesha majaribio hapa hapa tuone." Nikashea skrini kwa madaha. Nukta za kijani zikamiminika. Kisha ikaja nyekundu.

Kilichotarajiwa: bosi <b>anajua kila kitu</b>
Kilichopatikana: bosi <b>anajua kila kitu</b> kasoro <b>kunyamaza</b>

Nikajipa moyo: yanayofuata yataisukuma juu, ipotee. Kumbe lililofuata ni (a+)+$, kanuni inayodai a tupu hadi mwisho wa mstari, dhidi ya a 30 zinazoishia na alama ya mshangao. Hapo injini ya rejeksi inayorudi nyuma kila ikikwama hujaribu kila namna ya kuzigawa hizo a, njia zaidi ya milioni 500, na kila a unayoongeza inazidisha kazi maradufu. (Msicheke. Julai 2016 Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandika programu, ilizimika dakika 34 kwa rejeksi iliyokutana na nafasi tupu 20,000.) Kwetu kuna kikomo cha hatua kinachoikatiza. Yaani kilikuwepo. Mtu wa kasi alikuwa amekiondoa.

Skrini ikaganda. Nikabonyeza Ctrl na C ili kuikatiza. Kimya. Nikabonyeza tena kwa nguvu, eti itaniogopa. Feni ya kompyuta ikaanza kunguruma.

"Mbona imesimama?" bosi akauliza. "Hebu kuza maandishi, sioni vizuri."

Nikakuza. Ningefanyaje, agizo la mkubwa! "Kunyamaza" ikawa kubwa kama bango la barabarani. Mtu mmoja akazima kamera. Wa pili akazima. Bosi akasogea karibu na skrini, akaanza kusoma kwa sauti, taratibu: "Bosi... anajua... kila kitu." Akatabasamu. Jamani, akatabasamu! Akashuka mstari wa chini.

"Bosi anajua kila kitu... kasoro..."

Akanyamaza.

Nikataka kumwambia kwamba hapo sentensi yangu imekanushwa hadharani, ila ulimi uligoma. Kilichotoka ni: "Mkuu, huyo ni bosi wa mfano."

Mengine si ya kusimulia. Mabadiliko yamerudishwa, kikomo kimerudi, aliyevunja kapongezwa kwa ubunifu, mimi niliyemnasa nimepewa kuandika nyaraka zote za maktaba. Jaribio limebaki, bosi kawa paka.

Na wewe rafiki yangu uliyesambaza habari, unajijua. Mstari wako uko kwenye jaribio la herufi kubwa na ndogo. Bado ni wa kijani. Uombee.