Madhapar si Daftari la Benki

Juzi nimetumiwa tena ile video ya Madhapar, kijiji cha wilaya ya Kachchh kule Gujarat, India, eti ndicho tajiri kuliko vyote Asia. Kamera inapita benki baada ya benki, msimulizi anataja 17, kisha anataja amana: zaidi ya rupia bilioni 50. Basi, imekwisha. Nimekasirika, na leo nasema.

Madhapar niliijua kabla sijajua India iko upande gani. Jirani yetu pale Ngara, Nairobi, alikuwa mwashi wa huko. Mkewe tulimwita Mama. Alikuwa akitandaza unga wa uwele kwa viganja, pa, pa, pa, hadi rotlo, mkate wa kwao, inakuwa duara, anaitupa kwenye chuma, kisha anatugawia na samli na sukari guru. Fagio aliliita fagio, kisu akakiita kisu, hata akiongea Kikachi, lugha ya Kachchh, na mumewe. Kumbe akienda kwao maneno hayo yalimponyoka vilevile.

Nakubali, fedha zipo, na zimejenga shule na mambo mengine ya maana. Lakini zimetoka wapi? Zimetoka kwa waashi waliochonga mawe Nairobi na Kampala, na kwa watoto wao waliohamia London, ambako chama cha wanakijiji kiliundwa mwaka 1968. Wengi waliojenga nyumba kijijini hawalali humo. Hiyo ni huzuni ya peke yake.

Kinachoniuma zaidi ni wale wanawake.

Desemba 8, 1971, katika vita vya India na Pakistan, mabomu yaliharibu njia ya kurukia ndege ya kituo cha anga cha Bhuj, jirani kabisa na kijiji. Wanajeshi wa kuitengeneza hawakutosha. Kamanda wa kituo, Vijay Karnik, akaomba msaada, na wanawake wapatao 300, wengi wao wa Madhapar, wakaenda. Waliambiwa wavae sari za kijani kilichopauka ili wasionekane kutoka juu. Walizoa vifusi, wakaziba mashimo, wakapaka samadi ya ng'ombe ili lami isimetemete. King'ora kikilia wanakimbilia vichakani, kikinyamaza wanarudi kazini. Siku ya kwanza walilala na njaa. Kwa saa 72 njia ikawa tayari, ndege zikaruka.

Hawakuwa askari. Hakuna aliyewalazimisha, na kila mmoja alijua ndege za adui zingeweza kurudi wakati wowote. Serikali ya waziri mkuu Indira Gandhi ilipowapa rupia 50,000, hawakugawana: zilikwenda kujenga ukumbi wa kijiji. Nyie mnaohesabu amana, hesabuni na hizo! Kijiji kinachotoa watu wa namna hii, mtu anasafiri hadi huko kupiga picha milango ya benki?

Mama alikuwa Nairobi mwaka huo, lakini dada yake alikwenda uwanjani. Mama alitusimulia jioni moja tukiwa tumekaa jikoni kwake, mikono ikiwa bado na unga. Dada yake aliporudi nyumbani, upindo wa sari ulikuwa umekakamaa kwa saruji. Aliifua mara tatu. Rangi ya kijani ilitoka, saruji ikabaki.